Jasusi Aliyesomewa Barua na Adui

Betri ya redio ikianikwa juani hutoa harufu ambayo sijaikuta mahali pengine: chuma kilichopata moto, gundi inayoanza kulegea, na uchungu mdogo kama wa sarafu uliyoitia mdomoni ukiwa mtoto. Kwetu Kariakoo, Mtaa wa Mchikichi, hiyo ilikuwa harufu ya Jumatano. Nikirudi shule mchana, kabla sijavua sare, nilizitoa betri kwenye mgongo wa redio ya baba, nikazipanga juu ya bati la banda la kuku, pembeni ya dagaa wa mama, kisha nikakaa kivulini kuzilinda. Nilizilinda na kuku, nilizilinda na mvua, na zaidi nilizilinda na Bi Tatu, mpangaji mwenzetu, muuza vitumbua, aliyeamini kwamba kila palipo na jua uani ni pa kuanika mchele wake. Siku zile sukari ilikuwa ya foleni, sabuni ya foleni, na betri ndiyo usiseme. Aliyekuwa nazo hakuzitupa. Alizianika zikafufuka, zikafa, akazianika tena mpaka zikatoka majimaji. Na jioni ile zilitakiwa ziwe hai, maana Jumatano, baada ya taarifa ya habari ya saa mbili, Nyatu alikuwa hewani.

Nyatu alikuwa jasusi. Televisheni huku bara hatukuwa nayo, tulisikia tu kwamba Unguja wanayo, na sisi tukajiliwaza kwamba mtu wa kwenye sanduku hawezi kuwa mrefu kama Nyatu tuliyekuwa naye vichwani. Ulikuwa mchezo wa redio wa kuchekesha. Nyatu ametumwa na taifa kumfuatilia Fukuto, kibaraka wa mabeberu, mtu mwenye sauti ya kukwaruza na kicheko cha fisi. Kila wiki Fukuto alikuwa na barua ya siri, na kila wiki Nyatu alifanikiwa kuiiba. Hapo ndipo vituko vilipoanza. Alikuwa akijificha ndani ya pipa la mafuta ya nazi, au chini ya mzigo wa mkokoteni, akaipata barua, akajisifu peke yake kwa maneno makubwamakubwa, halafu badala ya kukimbia nayo, alimwendea mtu wa kwanza aliyemkuta njiani akamwomba amsomee. Na mtu huyo kila mara alikuwa Fukuto mwenyewe, kavaa kilemba au kabana pua. Fukuto alimsomea uongo mtupu. Barua ya silaha ikawa barua ya harusi. Ramani ya bandari ikawa maelekezo ya kupika pilau. Nyatu alikuwa akishukuru, "Ahsante sana, ndugu mwananchi," akaondoka amevimba kichwa, na uani kwetu watu walikuwa wakicheka mpaka Bi Tatu akaomba ashikwe mkono asije akaangukia jiko.

Aliyecheka kuliko wote msimu ule wa kwanza alikuwa baba. Baba, Mzee Selemani, alikuwa fundi magodoro. Alipiga sufi kwa fimbo mbili ndefu barazani hadi ikawa nyepesi kama pumzi, vumbi lake likatuingia puani na kwenye chai, kisha akaishindilia ndani ya kitambaa cha mistari na kuishona kwa sindano ndefu kama kiganja. Hakuandika vipimo vya mteja yeyote. Alikuwa na kamba zilizoning'inia ukutani, kila kamba ina mafundo yake, na kila fundo lilikuwa na maana: urefu, upana, unene, na fundo dogo la mwisho kumwambia kama mteja ni msumbufu. Pamoja na kazi hiyo baba alikuwa balozi wa nyumba kumi. Ugomvi wa bomba ulikuja kwake, mgeni aliyefika kutoka Kisarawe aliletwa kwake, na mtu aliyetaka kazi, shule au matibabu alihitaji barua ya kuthibitisha kwamba balozi anamfahamu. Barua hizo niliziandika mimi. Baba alikuwa akitaja maneno nami nikiandika, halafu yeye anaweka sahihi yake ya mviringo, mfano wa kamba iliyoanguka chini. Watu walisema balozi anamfundisha binti yake ukarani, hongera. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata tulikuwa wawili tu, mama na mimi. Baba hakujua kusoma hata jina lake.

Hakuwa mzembe, nataka hilo lieleweke. Babu alifariki baba akiwa mdogo, na chuoni alikaa kiasi cha kuhifadhi sura fupifupi kwa masikio, basi, akaenda sokoni kubeba mizigo. Lakini alipochaguliwa ubalozi alikwishakuwa mtu mzima mwenye heshima zake, na nani angemwuliza mtu wa namna ile kama anajua a na be? Hakuulizwa, naye hakusema, na kila mwaka ukawa mgumu zaidi kusema kuliko uliopita. Mama alikuwa na hofu moja tu na aliirudia mara kwa mara akidhani nimelala: tawi la chama wakijua, watamvua ubalozi, na wale wanaomwamkia barazani watapita wakimcheka. Kwa hiyo baba akawa jasusi kweli. Alinunua miwani kwa mchuuzi, vioo vitupu, akasema macho yake yana ukungu. Usiku alisikiliza taarifa ya habari kwa makini kuliko mtu anayengoja majibu ya hospitali, akaimeza yote, na asubuhi alikwenda dukani kwa Mangi, Mchaga wa pale kwenye kona, akachukua gazeti, akakaa barazani na kuwasomea wazee wenzake habari ileile ya jana redioni. "Kama ilivyoandikwa hapa," alikuwa akisema huku akigonga karatasi kwa kidole. Wazee walitikisa vichwa. Mimi nilikuwa nikipita na ndoo yangu ya maji kwa hofu, na kwa fahari pia, siwezi kusema uongo, kwa sababu aliifanya kazi ile vizuri mno.

Kosa lake lilitokea asubuhi baada ya mechi kubwa ya watani wa jadi. Timu ya Jangwani ilikuwa imeshinda, redio ilikwishatangaza, na baba akawasomea wazee ushindi ule bao kwa bao, kona kwa kona, pasipo kuacha kitu. Gazeti alilolishika lilikuwa la wiki iliyopita. Mangi siku ile hakuwa na jipya, alikuwa amempa la kufungia sukari bila kufikiri, na baba angejuaje? Akapita Mwalimu Aikande, binti ya Mangi, aliyekuwa akifundisha shule ya msingi. Alisimama kuwaamkia wazee. Nikaona macho yake yakipanda juu ya ukurasa palipo na tarehe, yakashuka kwa baba, yakapanda tena. Nikaiweka ndoo chini. Mwalimu akasema kwa adabu, "Shikamoo, mzee. Ukimaliza naomba nami nikalipitie." Baba akajibu marahaba, akampa. Mwalimu akalikunja vizuri, akalitia ndani kabisa ya mkoba wake na kuondoka nalo, kabla mzee mwingine hajasema nionyeshe hilo bao la pili. Kuanzia siku hiyo kata zikawa tatu, na ya tatu sikuwahi kuiogopa.

Msimu wa kwanza uliisha kama ilivyo desturi ya michezo ile, kwa kupumzika miezi mingi, na Nyatu aliporudi tulimkuta ni yuleyule. Pipa, barua, Fukuto, pilau. Watu walianza kusema utani umechakaa. Kisha ikaja Jumatano moja ambayo ningeikumbuka hata kama ningesahau nyingine zote. Kipindi kilianza bila muziki wa kuchekesha. Nyatu yuko chumbani kwake, peke yake, na barua mkononi. Hakuiiba barua hii. Imetoka kijijini, kwa mama yake. Akaigeuza, tukasikia karatasi. Akanusa. Akasema, na sauti yake ilikuwa nyingine kabisa, kwamba yeye ndiye mtunza siri za nchi nzima, lakini ili ajue kama mama yake ni mzima lazima aende kwa jirani akampe siri yake. Ndipo tukaelewa, uani pote kwa mara moja, kwa nini siku zote alikuwa akimwendea mtu wa kwanza njiani. Hakuwa mpumbavu. Alikuwa hajui kusoma, na maneno makubwamakubwa yale yote yalikuwa pazia. Bi Tatu akasema, "Jamani, masikini," kwa sauti ndogo. Baba akanyoosha mkono akaizima redio. "Betri zimekwisha," alisema. Lakini mimi nilikuwa nimezianika tangu mchana, nilizigusa zikiwa bado na joto, nilijua zina uhai wa kutosha kufika hadi salamu za usiku. Baba akaingia ndani akalala bila kula. Nilibaki nimeikumbatia redio kama mtoto aliyepigwa na mwenzake, nikamchukia Nyatu kwa moyo wangu wote kwa kutusema.

Kwa majuma mengi baada ya hapo redio ilifunguliwa kwa taarifa ya habari na kufungwa. Watu wa nyumba yetu walikwenda kumsikiliza Nyatu dirishani kwa fundi redio, Jivan, Mhindi wa mtaa wa pili, ambaye aliigeuza redio yake itazame barabarani ili watu wasiparamie kizingiti. Mimi nami nilikwenda, nikirudi nilinyamaza. Na kana kwamba hiyo haikutosha, ukaja mwito wa kisomo. Nchi nzima iliambiwa kila mtu mzima asome, madarasa yakafunguliwa jioni shuleni kwetu, na kila balozi akatakiwa awaandikishe wasiojua kusoma katika nyumba zake na kuwapeleka yeye mwenyewe. Mwalimu Aikande ndiye aliyeleta ujumbe. Alikaa kwenye mkeka, akaueleza wote kwa mdomo, taratibu, na karatasi aliyokuja nayo hakuifungua. Baba alimsikiliza akichezea fundo la kamba. Mwishoni mwalimu akasema jambo moja zaidi, akimtazama mama badala ya baba: "Darasa langu halina mlango wa wakubwa na wa wadogo. Atakayekuja nitampokea." Alipoondoka mama akasema polepole, "Baba Mwajuma, mficha uchi hazai." Baba akamjibu kwa ukali usio wake, kwamba uzazi wake umekwisha, watoto alionao wanamtosha. Mama akacheka, kisha akalia. Na mimi nikaona kwamba tumekwama. Akiwapeleka watu darasani na kubaki mlangoni, atakuwa mwongo mbele ya mwalimu anayemjua. Akiingia, mtaa mzima utajua kwamba magazeti yote yale yalikuwa hewa. Na asipopeleka mtu, tawi watauliza kwa nini.

Alivuta siku. Msimu wa tatu wa Nyatu ulimkuta bado anavuta. Sijui ni nani aliyemshawishi kuifungua redio Jumatano ile. Nadhani ni mvua tu. Ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, bonde la Jangwani limejaa maji, hakuna aliyeweza kwenda kwa Jivan, na uani wote walikuwa wamebanana kwenye ukumbi wetu wakimtazama balozi. Akaifungua. Nyatu ameamua kwenda kisomo, lakini kwa kuwa ni jasusi na anaona haya, anakwenda amevaa baibui. Anajitambulisha kwa mwalimu kwa sauti nyembamba kwamba yeye ni Bi Mashaka. Tayari watu walikuwa wakicheka. Anaketi dawati la nyuma, karibu na mama mwingine mnene aliyejifunika gubigubi. Mwalimu anauliza, mama mnene anajibu herufi zote ovyo, Nyatu anamsogelea ili amnong'oneze, na katika kunong'onezana huko yule mama anajisahau na kutoa kicheko cha fisi. Fukuto! Adui mkubwa wa taifa, aliyemsomea Nyatu barua misimu miwili, hakujua hata a! Hakuwa akimdanganya kwa ujanja. Alikuwa akitunga pilau kwa sababu naye alikuwa haoni kitu kwenye karatasi ile, na yeye pia alikuwa akificha.

Baba akacheka. Kicheko kilianza kama kikohozi cha vumbi la sufi, kikapanda, kikamwinamisha, akapiga goti, akavua miwani akafuta machozi, akaivaa, akacheka tena. Mwaka mzima sikuwa nimekisikia kicheko kile. "Wote wawili!" alikuwa akisema. "Wote wawili, jamani, wanatishana!" Nikamtazama mama, mama akanitazama. Hatukuthubutu hata kupumua kwa nguvu, tusije tukamzindua.

Mvua ilipokatika aliitisha kikao cha nyumba zake kumi, uani kwetu, siku ya Jumapili baada ya Alasiri. Akaeleza habari za kisomo vizuri sana, kama alivyoelezwa. Watu wakaangalia chini. Aliyesema kwa niaba yao alikuwa Bi Tatu, na hakuwa na nia mbaya hata chembe. "Balozi, samaki mkunje angali mbichi. Mimi nishakauka. Nikashike kalamu na mkono huu wa vitumbua, watoto wa shule wanichungulie dirishani? Wewe unasema kwa kuwa wewe umesoma. Haya hii huijui." Watu wakaitikia, kweli, kweli. Nilikuwa nimekaa mlangoni kwa jikoni. Niliuona mkono wa baba ukipanda usoni. Akaivua miwani. Akaikunja mguu mmoja, akaikunja wa pili, akaiweka mbele yake juu ya mkeka, na akaiangalia kwa muda kama mtu anayeaga mgeni aliyekaa sana.

"Haya hiyo naijua, Bi Tatu," alisema. "Hata mimi sijui kusoma."

Walidhani anatania. Bi Tatu alicheka peke yake, akaacha. "Sasa yale magazeti?"

"Redio."

"Na zile barua za watu?"

Baba akanionyesha kwa kidevu. Watu wote wakanigeukia na mimi nikatamani ardhi inimeze.

"Na hiyo miwani?"

Baba akafikiri. "Inazuia vumbi la sufi," alisema.

Basi palikuwa hapatoshi. Mzee mmoja wa pale barazani, aliyekuwa akisomewa kila asubuhi, alimwinukia kwa hasira, nikadhani atampiga, kumbe anataka kujua lile bao la pili la Jangwani lilifungwa kweli au baba alilifunga mwenyewe. Bi Tatu akainuka, akajifunga kanga kiunoni vizuri kama mtu anayekwenda kugombana, akasema, "Nyatu kavaa baibui. Mimi baibui ninalo tayari. Twende, Balozi, ukatangulie." Baba akawa wa kwanza kutaja jina lake liandikwe, na mimi nikaliandika. Nililia baadaye jikoni. Mama alisema ni moshi, nikakubali ni moshi.

Mama alingoja tawi waje kumvua ubalozi. Kila kiatu kilichopita barazani alikisikiliza. Walikuja kweli, watu wawili wenye mashati ya mikono mifupi, wakanywa chai, wakamwomba akawaambie mabalozi wengine kuelekea Ilala vilevile alivyosema uani, kwa sababu huko nako watu wamegoma. Baba aliwajibu kwamba ana darasa. Alikwenda kila jioni na kiti chake kichwani, madawati hayakumtosha. Watoto wenzangu waliwapigia kelele njiani, "Ngumbaru! Ngumbaru!" na Bi Tatu aliwakimbiza kwa kandambili huku akiwaahidi kwamba akijua kuandika atayaandika majina yao msikitini. Karatasi ilikuwa adimu, kwa hiyo baba alifanyia mazoezi alichokuwa nacho. Aliandika kwa chaki upande wa ndani wa vitambaa vya magodoro, a kubwa kama jembe, ba, be, bi, safu kwa safu, kisha akageuza kitambaa, akajaza sufi na kushona. Nina hakika wako watu wa Kariakoo waliolala miaka juu ya majina yetu na hawakujua. Pole pole chaki ikapungua ukubwa. Siku moja nikakuta chini ya mafundo ya kamba moja ukutani ameegesha kipande cha boksi, na juu yake ameandika: MSUMBUFU.

Nyatu naye alikuwa akikua. Msimu wa nne, uliokuwa wa mwisho, alikuwa mtu mwingine. Alisoma barua mwenyewe, alizikamata njama, na Fukuto alipomjia amebana pua, Nyatu alimpokea barua na kumsomea yeye, kwa upole, mpaka Fukuto akashindwa kutoroka. Wengi walinung'unika. Walisema Nyatu kaharibika, hachekeshi, amekuwa kama mjumbe wa mkutano. Na kweli, kicheko kilipungua, siwezi kuficha. Lakini mtu hawezi kukaa ndani ya pipa la mafuta ya nazi maisha yake yote kwa sababu tu majirani wanafurahi. Baba alimtetea barazani kama ndugu yake wa damu. Kipindi cha mwisho Nyatu aliitoa ile barua ya mama yake. Alikuwa ameitunza tangu msimu wa pili, hakumpa jirani, aliapa hataisoma kwa macho ya mtu mwingine. Akaisoma hewani, silabi kwa silabi, bila muziki, kirefu kiasi kwamba redioni huko nadhani kuna mkubwa aliyekasirika. Mama alikuwa mzima. Alikuwa ametuma salamu na kuuliza kama anakula. Ukumbini kwetu hakuna aliyetikisika. Baba alikuwa akisogeza midomo. Kilipokwisha akasema, "Kaharakisha pale katikati. Mimi ningekwenda pole pole."

Mwaka ule nilifaulu kwenda sekondari, shule ya bweni, mbali, na nikahitaji barua ya balozi. Nikafanya kama siku zote, nikakaa mkekani, nikachukua kalamu, nikaanza kuandika neno Mleta. Baba akaniambia, "Ondoka hapo." Akakaa yeye. Alianza baada ya Alasiri na adhana ya Magharibi ilimkuta bado ameinama, ulimi nje pembeni ya mdomo, mama akiwafukuza kuku wasipite karibu. Niliibeba barua ile bila kuifungua, maana haikuwa yangu, mpaka mkuu wa shule alipoisoma mbele yangu kwa sauti na kuniuliza nani ameiandika. Iliandikwa hivi: "Mleta barua hii ni Mwajuma binti Selemani. Namfahamu vizuri. Miaka mingi alikuwa macho yangu. Sasa ninayo yangu kwa hiyo namwachia aende na yake." Chini, badala ya ile kamba iliyoanguka, palikuwa na jina lake lote. Barua ilibaki kwenye faili la shule na sikuiona tena.

Nyumba yetu ya Mchikichi sasa ni ghorofa la maduka ya simu na mikoba. Baba na mama wamepumzika, Bi Tatu naye. Wajukuu zangu wanatazama tamthilia za majasusi kwenye simu, msimu mzima kwa mlo mmoja, na jasusi anaanza mwoga saa nne asubuhi, anakuwa shujaa kabla ya adhuhuri. Siwalaumu, ni wazuri, wengine wananichekesha. Lakini sisi tulimngoja Nyatu Jumatano kwa Jumatano, mwaka hadi mwaka, na alikua taratibu kiasi cha mtu wa kawaida kuweza kukua naye. Hicho ndicho ninachokikosa. Mengine, foleni na betri za majimaji, yabaki hukohuko.

Juzi nilikwenda ofisi ya mtaa hapa Ilala ninakoishi, nikiwa na haja ya barua ya utambulisho. Kijana aliniamkia vizuri, akabonyeza, mashine ikatema karatasi imeandikwa kwamba ofisi inamtambua mtajwa hapo juu. Nikamwuliza, "Mjukuu wangu, wewe unanitambua?" Akacheka. "Hapana, bibi, ndivyo ilivyoandikwa tu." Nikamwambia basi bora aniulize. Hapakuwa na mtu nyuma yangu, na nje jua lilikuwa kali, kwa hiyo nikakaa nikamweleza: fundi magodoro, miwani, pipa la mafuta ya nazi, kicheko cha fisi. Aliicheka ile ya pilau mpaka akaiweka simu yake kifudifudi mezani. Nilipoinuka kuondoka akaniomba karatasi yangu, akachukua kalamu, akainama. Chini ya maneno ya mashine aliongeza kwa mkono: Namfahamu. Mwandiko wake ulikuwa mbaya kuliko wa baba, nami nikamwambia hivyo, na nikatembea nayo hadi nyumbani nimeishika mkononi, nje ya mkoba.